Saua ya Jumamosi

Mwezi uliopita tulimzika mama mkubwa kule Uru, katikati ya migomba, jirani na mumewe na mwanawe. Alikuwa mzee sana na kifo chake hakikumshtua mtu. Watu walikula, wakaimba, wakausifu mtori wa ndizi na nyama. Baada ya wengi kutawanyika tulibaki wachache tukinywa chai, ndipo kijana mmoja wa ukoo, anayefanya kazi Arusha, alipoutazama msalaba wa kaburi la pembeni akauliza, "Hivi huyu baba mdogo Deogratias alikufa na nini? Mbona alikufa bado kijana?" Mzee aliyekaa karibu naye akajibu upesi, "Malaria," kisha akaomba aongezewe chai. Hakuna aliyemkosoa. Nilimtazama yule kijana, nikaona ameridhika, na moyo ukaniuma kwa namna ambayo sikuitegemea baada ya miaka yote hii. Waliokuwa ndani ya nyumba ya mama mkubwa kule Rau, mwaka Deo alipougua, walikuwa wanne, na sasa nimebaki peke yangu. Nisiposimulia mimi, malaria itabaki kuwa ndiyo habari yote.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikateremka mjini Moshi kukaa kwa mama mkubwa nikisubiri kujua maisha yatanipeleka wapi. Nyumba yao ilikuwa ya matofali, yenye sebule nyembamba na vyumba vitatu ambavyo kuta zake hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mwisho, aliyeko jikoni alisikia. Sebuleni palikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu, na kabati la vioo ambalo mama mkubwa alilifunga kwa ufunguo na ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga. Ndani ya kabati zilikaa glasi za baba mkubwa, fupi, nzito kitakoni, alizopewa zamani na meneja mmoja wa hoteli. Baba mkubwa alikuwa amesimama kaunta ya hoteli kubwa pale mjini karibu maisha yake yote ya utu uzima. Kisha ukaja wakati wa kuuza mali za umma, hoteli ikapata mwekezaji, na mwekezaji akasema anataka sura changa. Wazee wakapunguzwa. Miezi michache baadaye kiharusi kikampiga, si kikali, lakini mkono wa kulia ukabaki umelegea kama kitambaa kilicholowa. Nilimkuta akishinda kwenye kiti chake dirishani, amevaa shati jeupe lililonyooshwa kila siku, utadhani anasubiri zamu.

Jambo ambalo halikusemwa kwa sauti katika nyumba ile ni kwamba sura changa iliyobakizwa kaunta ilikuwa ya Deo, mwanawe wa pekee. Baba mkubwa ndiye aliyemfundisha kazi, akamwombea nafasi, akamvalisha tai yake ya kwanza. Siku wazee walipotolewa, Deo alibaki. Baba alitegemea kwamba mtoto ataondoka naye, angalau kwa heshima. Deo akasema nyumba haiwezi kula heshima. Mwaka uliofuata akapata kazi hoteli kubwa zaidi, Dar es Salaam, akaenda, na tangu hapo baba na mwana hawakuwa wamezungumza. Haya niliyapata vipande vipande, juu ya ukuta, mama mkubwa alipokuwa akisali kwa sauti au akimnong'oneza rafiki yake wa jumuiya.

Deo alirudi mwanzoni mwa mvua za masika. Nilikuwa nafagia uani nikaona mtu mrefu amesimama getini na sanduku, suruali imekunjamana kiunoni alipoibana kwa mkanda. Sikumtambua mpaka alipocheka. "Resti, umekuwa mkubwa hivi? Mbona hunikaribishi?" Nikapokea sanduku, lilikuwa jepesi mno. Mama mkubwa alitoka jikoni akifuta mikono, akamwona, akasimama. Hakupiga vigelegele. Alisema tu, "Yesu wangu," kwa sauti ndogo, kisha akamshika mkono akamwingiza ndani kama mtu anayemficha asionwe na jirani. Sebuleni Deo akainama mbele ya kiti cha dirishani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," baba mkubwa alijibu, bila kugeuza kichwa. "Umefika."

"Nimefika, Baba."

Wakaishia hapo. Kwa wiki nyingi maneno yao yalikuwa hayo, asubuhi na jioni, salamu na kuitikiwa, halafu kimya cha kusikia mvua juu ya bati.

Ugonjwa ule haukuwa na jina nyumbani kwetu. Mitaani ulikuwa nayo mengi: mdudu, ngoma, umeme, fulani kakanyaga waya. Hospitali walimpima Deo, wakazungumza na mama yake pembeni, wakawarudisha nyumbani na vidonge vya kuzuia kuharisha. Dawa zenyewe hazikuwapo. Zilikuwapo Ulaya, tulisikia, kwa watu wa Ulaya. Siku hiyohiyo mama mkubwa akatoka sokoni na kikombe cha plastiki cha kijani, sahani ya plastiki na kijiko, akavipanga kwenye rafu ya peke yake. Hakumweleza mtu, na hakuna aliyeuliza. Alimpikia mtori laini kuliko wote aliowahi kupika, akauchuja nyuzi za nyama zisimkwame kooni, akamlisha mwenyewe, kisha akaviosha vile vyombo kwa maji ya moto na dawa ya kufulia mpaka ngozi ya vidole ikamchubuka. Juu ya ukuta nilimsikia akimwambia rafiki yake, "Nampenda mwanangu, Mama Aneti. Lakini namwogopa. Utampendaje mtu huku unamwogopa?" Nikasikia vijiko vikizunguka vikombeni.

Deo aliyaona yote. Wakati mwingine aliinua kile kikombe cha kijani akakigeuza mkononi, akaniambia, "Resti, huku ndiko kufuzu. Nilianzia na fuwele, nimeishia na plastiki." Alikuwa mtu wa mzaha, na mzaha ndio ulikuwa wa mwisho kukonda.

Kisha siku ya Jumamosi moja akateremka Mzee Siprian kutoka Uru, kaka mkubwa wa baba mkubwa, na wanaume wengine wawili wa ukoo, kuja kumjulia hali mgonjwa. Walikuja na dumu la mbege, pombe ya ndizi, na kata, kibuyu kilichokatwa kwa kunywea, kama inavyopasa. Walikaa sebuleni, Deo akatolewa chumbani akaketishwa kochini na blanketi magotini. Mzee Siprian akaomba dua, akaonja kwanza, akampa anayemfuata. Mbege hainywewi kila mtu na chombo chake. Kata ni moja na inazunguka, kila mdomo palepale ulipopita mwingine, na hapo ndipo undugu unapojulikana. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la ndizi za kuchoma. Niliiona kata ikitoka kwa baba mkubwa, ikafika kwa mwanamume aliyekaa karibu na Deo. Yule akanywa, akafuta masharubu, akanyoosha mkono juu ya magoti ya Deo, akampa wa upande wa pili. Deo alikuwa ameshainua mikono kuipokea. Mikono ikabaki hewani kidogo, kisha akaitumia kujivutia blanketi.

"Mgonjwa asinywe, itamchafua tumbo," Mzee Siprian alisema, akitazama sakafu.

"Kweli, Mzee," Deo akajibu. "Tumbo langu halitabiriki siku hizi."

Wakaendelea kuzungumzia kahawa, jinsi bei ilivyoanguka na jinsi watu wa Masama walivyoanza kung'oa mibuni wapande nyanya. Kata ilipomrudia baba mkubwa, hakuipokea. Wageni walipoaga, alibaki amekaa wima, uso umekuwa wa majivu, nami nikadhani kiharusi kimerudi. Ndipo akasema, "Mama Deo. Nipe ufunguo wa kabati."

"Ufunguo wa nini saa hizi?"

"Wa kabati la glasi."

Mama mkubwa akashika pindo la khanga yake. "Baba Deo, hizo ni glasi za wageni."

"Wageni wameondoka," alisema. "Nipe ufunguo, au nitavunja kioo kwa mkono huu mmoja nilio nao."

Alifungua fundo polepole, akauweka ufunguo juu ya meza badala ya kumpa mkononi, akaenda jikoni. Baba mkubwa akaniita. Chini ya kitanda chake, alisema, kuna sanduku la mbao. Nililitoa: ndani palikuwa na chombo cha kutikisia vinywaji, cha chuma kinachong'aa, chenye kifuniko, alichokiita sheka, kichujio, kikombe kidogo cha kupimia, na chupa ya wiski ambayo haijafunguliwa. "Mkono wangu umekwisha," aliniambia. "Utakuwa mkono wangu. Sikiliza kwa makini, sitapenda kurudia." Nikachemsha sukari na maji kwa kipimo sawa mpaka ikawa shira nyepesi, nikaipooza ndani ya sufuria ya maji. Nikakamua ndimu, nikachuja kokwa na nyama. Nikavunja yai moja la kuku wa kienyeji, nikatenganisha ute na kiini kwa kupokezanya maganda, jambo ambalo lilinishinda mara ya kwanza na akaniamuru nianze upya. Barafu niliipata kwa jirani mwenye friji, aliyegandisha maji kwenye mifuko ya nailoni. Nikaivunja kwa mwiko ndani ya taulo. Kisha wiski vipimo viwili, ndimu kimoja, shira kimoja kasoro kidogo, na ute.

"Kwanza bila barafu," baba mkubwa alisema. "Ute unataka kuamshwa. Tikisa kama unayemkasirikia mtu."

Nilitikisa mpaka mabega yakauma. Nikaweka barafu, nikatikisa tena, chuma kikawa baridi hadi vidole vikafa ganzi. Nikachuja kwenye glasi nzito. Kinywaji kilikuwa na rangi ya asali iliyochanganywa na maziwa, na juu yake povu jeupe lililotulia kama shuka lililotandikwa. Baba mkubwa akaichukua kwa mkono wa kushoto, akajikokota mwenyewe kutoka dirishani mpaka kochini, na kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze akamtazama mwanawe usoni.

"Saua," alisema, akikitaja kinywaji kwa jina lake la kaunta. "Ionje, uniambie imekosa nini."

Deo hakuipokea mara moja. Nilimwona akiitazama ile glasi, kisha akamtazama mama yake aliyekuwa mlangoni mwa jikoni. Akaipokea kwa mikono miwili. Akanywa kidogo, povu likabaki kwenye mdomo wa juu, akafumba macho. "Ndimu imezidi tone," alisema. "Na Resti hajachuja mara ya pili, kuna vipande vya barafu."

"Nilijua," baba mkubwa akasema. "Nilitaka kuona kama Dar imekuharibu ulimi."

"Dar wanatumia ndimu ya chupa, Baba. Na ute wa unga."

"Mungu awasamehe."

Deo akacheka hadi akakohoa. Baba mkubwa akaketi kando yake, si kwenye kiti cha dirishani, na wakabishana kuhusu limau na ndimu mpaka kikombe changu cha chai kikapoa mkononi. Hawakuzungumzia kaunta ya mjini. Sidhani kama waliwahi kuizungumzia.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi alasiri nilitengeneza saua. Siwezi kusema nyumba ilipata furaha. Ilikuwa ni kama chumba chenye unyevu kilichofunguliwa dirisha, ukuta unabaki na ukungu lakini unapumua. Jirani walipogundua kwamba mgonjwa anatumia glasi za kabatini waliacha kunywa chai kwetu. Walikuja, walikaa, na chai ikawekwa mbele yao ikaota utando, wakaaga wakisema wamefunga. Mwishowe hawakuja kabisa, isipokuwa Mama Aneti, ambaye alikunywa kila alichopewa na kuomba kingine. Mama mkubwa hakumsamehe mumewe kwa hilo. Aliendelea na kikombe chake cha kijani kwa siku zote za wiki, na Jumamosi alijifungia chumbani na rozari wakati sisi tukitikisa barafu.

Mvua za masika zilipokwisha, ikaja ile baridi ya katikati ya mwaka, wakati mlima unajifunika siku nyingi mfululizo na Moshi nzima inakuwa ya kijivu. Mdomo wa Deo ukaanza kuota utando mweupe, kisha vidonda. Ndimu ikawa inamchoma. Hakusema, lakini tuliona jinsi alivyomeza, shingo yote ikikaza. Jumamosi moja baba mkubwa akanifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini, "Punguza ndimu. Usimwambie." Nikapunguza. Wiki iliyofuata nikapunguza tena, nikaongeza shira. Kisha nikapunguza wiski pia, maana nayo ilimchoma. Ilifika mahali nilikuwa natikisa barafu na sukari na ute wa yai, na Deo alipokea na kusema, "Safi, Resti, leo umepatia," na baba yake alitikisa kichwa kukubali. Kila mmoja alimdanganya mwenzake kwa upole, nami nikiwa katikati na sheka mkononi. Sijawahi kuona huzuni iliyo na adabu kama ile.

Mwezi wa nane hakuweza tena kutoka kitandani. Tulimpelekea chumbani. Alikuwa amelala ubavu, mashavu yameingia ndani, macho yamekuwa makubwa kama ya mtoto. Nilimpa glasi, akaonja, akanirudishia.

"Baba yuko wapi?"

"Niko hapa," baba mkubwa alisema kutoka mlangoni.

"Baba, haya ni maji ya sukari. Mmekuwa mkinipa maji ya sukari tangu lini?"

Baba mkubwa akaingia, akaipokea glasi mkononi mwangu.

"Nimefanya kazi hii miaka yote," Deo akasema. Ilimbidi apumzike kati ya maneno. "Mteja akiomba saua, mpe saua. Asipoiweza, aiache mwenyewe."

"Itakuunguza, mwanangu."

"Najua itaniunguza. Nataka kuonja kitu kabla sijaondoka."

Tulirudi jikoni. Baba mkubwa alikata ndimu mwenyewe safari hii, akiigandamiza ubaoni kwa kiwiko cha mkono mbovu, na alikataa nimsaidie. Nilitikisa. Nilipochuja, povu lilikaa vizuri kuliko siku yoyote. Aliibeba glasi mwenyewe. Deo akainuliwa, nikamshika mgongo, mifupa yake ikanichoma kifuani. Alikunywa funda moja kubwa. Mwili wote ulikakamaa, machozi yakamtoka, na mkono wake ukashika shuka. Nilitaka kumwondolea glasi, akanizuia kwa jicho. Alipoweza kusema, alisema, "Hii ndiyo." Akanywa tena kidogo, akamrudishia baba yake.

Glasi ilikuwa bado na nusu. Baba mkubwa aliitazama, akaigeuza polepole mpaka palipokuwa na alama ya midomo ya mwanawe pakaelekea kwake. Akanywa palepale, yote, mpaka glasi ikagonga meno. Nilipogeuka nilimwona mama mkubwa mlangoni. Rozari ilikuwa imeviringwa kiganjani. Alitazama glasi tupu, akamtazama mumewe, kisha akaingia, akanisogeza kwa upole, akachukua nafasi yangu nyuma ya mgongo wa Deo. Akamvuta, akakiegemeza kichwa cha mwanawe shingoni mwake, akambembeleza kwa Kichagga, maneno ya kumlalisha mtoto mchanga. Sisi wawili tukatoka.

Deo alifariki wiki ileile, asubuhi, mama yake akiwa amemshika hivyohivyo. Tulimpandisha Uru kwenye gari la kukodi. Msibani walikuja watu wengi, lakini nyama ilibaki masufuriani. Wengi walisimama mbali na nyumba, wakazika, wakaondoka kabla sahani hazijatolewa. Mzee Siprian alisoma wasifu wa marehemu, akafika mahali pa ugonjwa, akasema, "Amesumbuliwa na malaria kwa muda mrefu." Baba mkubwa akainua mkono wake mzima kuomba nafasi. Nadhani wote tuliogopa atakalosema. Alisimama amejiegemeza kwa fimbo, shati jeupe limenyooshwa.

"Mimi nilisimama kaunta tangu ujana wangu mpaka nilipotolewa," alisema. "Nimehudumia wakubwa na wadogo. Huyu alikuwa bora kuliko mimi. Nilijua tangu mwaka wake wa kwanza. Sikuwahi kumwambia." Akaketi. Padri akaendelea na maziko.

Baba mkubwa hakuomba saua tena. Alihamia Uru pamoja na mama mkubwa, akakaa miaka miwili au zaidi kidogo akitazama migomba kama alivyotazama dirisha, na kiharusi cha pili kikamchukua. Mimi mwaka uliofuata nilijiunga na chuo cha uuguzi. Watu huniuliza kwa nini, nami huwapa majibu ya kawaida. Nimelaza na kuamsha wagonjwa wengi, nimewafumba macho wengi, na kwa muda mrefu nilikuwa na kidogo sana cha kuwapa wale waliokuja wamekonda kama Deo. Niliwapa vikombe vilevile walivyonywea wengine. Hicho kilikuwa ndani ya uwezo wangu.

Dawa zilipofika hatimaye, za kutolewa bure, nilipangiwa kwenye kliniki ya kuzitoa. Niliona watu waliobebwa kwa machela wakirudi baada ya miezi wakitembea, wakilalamikia foleni. Likizo ya kwanza nilipanda Uru kumsalimia mama mkubwa. Nilimkuta nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi za kupikia machalari, mikono imeshika utomvu mweusi. Nilimwamkia, nikachukua kisu nikamsaidia. Habari za dawa alikuwa ameshazisikia kwenye redio. Kwanza aliuliza habari za barabara, za mvua, za watoto wangu. Kisha akasema, bila kuinua uso, "Hivyo vidonge vyenu, mtu anavimeza na chakula au kabla ya chakula?"

"Inategemea, Mama. Vingi ni pamoja na chakula."

"Hata kama mdomo una vidonda?"

"Hata hivyo. Anaweza kusagiwa, akachanganyiwa na uji."

"Uji mwepesi."

"Mwepesi, ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa polepole, makini, kama mtu anayeelezwa kazi atakayoianza kesho asubuhi. Kisha akachukua ndizi nyingine akaendelea kumenya.